Oili chafu ya Magwagwa inaishia wapi?

Magwagwa iko mbali na ziwa. Ni wadi ya milima na majani chai katika eneo bunge la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, na huko bondeni mto Sondu unapita ukiwa mpaka kati ya Nyamira na Kericho. Mto huo hukusanya maji ya msitu wa Mau kupitia Kipsonoi na Yurith, hufika soko la Sondu, huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, kisha huteremka kupitia Nyakach hadi Ghuba ya Winam, ile sehemu ya Ziwa Victoria ambako wavuvi wa Kisumu na Homa Bay huendesha boti zao kwa injini ndogo zinazofungwa nyuma. Kwa hiyo swali la namna ya kubadilisha oili ya injini ndogo bila kuchafua maji, ambalo kwa kawaida huelekezwa kwa mvuvi peke yake, linawahusu pia watu ambao hawajawahi kupanda boti. Bonde lote la Sondu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3,500. Kila injini iliyomo, iwe ya pikipiki, ya kinu cha kusaga mahindi au ya lori la kubeba majani chai, mteremko wa ardhi umekwisha kuielekeza ziwani.

Mara nyingi jambo hili huzungumzwa kama suala la tabia. Fundi huambiwa awe mstaarabu, mvuvi huambiwa apende ziwa lake, mwendesha boda boda hukatazwa kuoshea pikipiki mtoni. Sipingi ustaarabu, lakini naona tumeshika mkia wa tatizo tukaacha kichwa. Oili huingia majini hasa kwa sababu ikishatoka kwenye injini haina pa kwenda. Fundi mwangalifu kabisa anayeikinga yote bila kudondosha hata tone bado atabaki na mtungi mkononi jioni, na hakuna aliyemwambia aupeleke wapi.

Tuanze na injini ya boti, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi oili inavyopita. Injini iliyozoeleka ghubani kwa miaka mingi ni ya mipigo miwili, hasa Yamaha ya nguvu farasi 15. Injini ya aina hiyo haina sampu ya oili kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa hamsini, hupaka vyuma vya ndani, kisha hutoka na moshi. Kinachobadilishwa ni oili ya giaboksi iliyo chini, karibu na propela, nayo ni kama robo lita tu, kila baada ya saa 100 hivi za kazi au miezi sita. Boti huvutwa nchi kavu, chombo huwekwa chini, skrubu ya chini hufunguliwa kwanza na ya juu baadaye ili hewa iingie na oili ishuke. Mpya hujazwa kwa kusukumwa kutoka tundu la chini hadi ichungulie tundu la juu. Skrubu ya juu hufungwa kwanza, ndipo ya chini. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa. La kuangalia ni rangi ya oili iliyotoka. Ikiwa nyeusi au ya kijani iliyofifia, hiyo imechoka tu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, yaani sili ya shafti imekwisha, na penye tundu la kuingiza maji pana tundu la kutoa oili. Boti hiyo imekuwa ikichafua ziwa kila siku iliyokwenda kuvua, na usafi wote wa siku ya kubadilisha oili hautafidia sili isiyonunuliwa.

Lakini hata robo lita ile ni ndogo ikilinganishwa na kinachotokea injini ikiwa kazini. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekadiria kwamba injini za zamani za mipigo miwili zenye karbureta hutoa hadi robo ya mafuta yake, pengine zaidi, bila kuungua. Bomba lake la moshi liko chini ya maji. Chukulia mvuvi anayechoma lita 20 kwa siku: ndani yake mna mililita 400 za oili, na kwa hesabu hiyo karibu lita tano za petroli na mililita 100 za oili huishia ziwani. Sehemu kubwa ya petroli hupaa hewani, oili hubaki. Kwa siku tatu tu za kazi, moshi peke yake umekwisha kupita oili yote ya giaboksi. Ndiyo sababu mamlaka inayosimamia Ziwa Tahoe, kwenye mpaka wa California na Nevada, ilipiga marufuku injini nyingi za aina hiyo kuanzia Juni 1999. Huko boti nyingi ni za starehe, na aliyeambiwa auze injini yake hakulala njaa. Amri ya namna hiyo haifai kuletwa hivi hivi kwenye fuo za wavuvi kama Dunga au Mbita, lakini sayansi yake ni ile ile.

Dawa inayopendekezwa ni injini za mipigo minne, ambazo huchoma petroli bila kuchanganya oili na hutumia mafuta kidogo zaidi. Ni pendekezo zuri, ila lina jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Injini ya mipigo minne haiondoi oili duniani. Huikusanya kwenye sampu, lita moja hadi mbili hivi kwa injini ya nguvu farasi 15, na kusubiri mkono wa mtu uje kuifungulia. Oili iliyokuwa ikitoka matone matone bila mtu kuweza kuizuia, sasa hutoka yote kwa mara moja, mahali pamoja, mbele ya macho ya fundi. Hiyo ni nafasi adhimu, lakini huwa nafasi pale tu palipoandaliwa pa kuipokea. Pasipoandaliwa, tutakuwa tumeuhamisha uchafu kutoka kwenye bomba la moshi hadi kwenye mtaro.

Hapo ndipo Magwagwa inapokuwa na la kuufundisha ufuo, maana huku juu mabadiliko hayo yalikwisha kutokea. Serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya sisi 250 mwishoni mwa muongo wa 2000, boda boda zilienea vijijini kuliko chombo kingine chochote chenye injini, na karibu zote ni za mipigo minne. Kila moja hubeba kama lita moja ya oili. Pikipiki inayoshinda barabarani kutwa, ikipanda na kushuka milima ya Nyamira na abiria wawili au magunia, hufikisha kilomita 2,000 au 3,000 upesi, na mwendeshaji anayejali riziki yake hubadilisha oili kila mwezi au mapema zaidi. Tuchukue steji moja ya mfano yenye pikipiki 40: hizo ni lita 480 kwa mwaka, zaidi ya mapipa mawili ya lita 200, kutoka steji moja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapo hatujahesabu vinu vya dizeli, matatu wala malori.

Mtu aliyewahi kutazama kazi hiyo ikifanywa pembeni mwa soko anajua inavyokwenda. Injini huwashwa dakika chache ili oili ilainike, huzimwa, mtungi uliokatwa ubavu husukumwa chini, boliti hufunguliwa kwa spana. Pikipiki hulazwa kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka nyuzi za oili zigeuke matone. Mara nyingi matone ya mwisho huanguka chini kwa sababu fundi ana haraka na mteja anayefuata amekwisha fika. Boliti hufutwa kwa kitambaa, oili mpya humiminwa, na chupa tupu hurushwa kichakani. Basi hapo pana jambo dogo ambalo lingebadilisha mengi: chupa hiyo ya lita moja ndiyo chombo kamili cha kubebea oili iliyotoka, kwa maana kilichotoka hakizidi kilichoingia. Ina kifuniko, haivuji, na imekwisha kulipiwa. Faneli ya kukata chupa ya soda inatosha kuijaza. Palipodondoka, vumbi la mbao au jivu hufyonza, likafagiliwa likiwa kavu. Lisilofaa ni kumwagia maji ya sabuni ya unga. Sabuni huvunja oili ikawa chembe ndogo zisizoonekana, na chembe hizo husafiri na maji kwa wepesi zaidi. Doa limeondoka machoni mwa fundi likaelekea kijitoni.

Je, madhara yake ni makubwa kiasi hicho? Hapa inafaa kuwa waangalifu, kwa sababu watetezi wa mazingira wana takwimu moja wanayoipenda sana: kwamba lita moja ya oili huharibu lita milioni moja za maji. Takwimu hiyo inahusu maji ya kunywa, yaani kiasi kinachotosha kuyafanya yasifae kinywani. Haimaanishi kwamba lita moja itaua samaki wote katika bwawa la ukubwa huo. Tukiisema vibaya, fundi atatazama mto ukiendelea kutiririka na samaki wakiendelea kuvuliwa, naye ataacha kutuamini katika mengine yote. Yaliyo ya hakika yanatosha. Utando wa oili wenye rangi za upinde wa mvua huanza kuonekana ukiwa na unene wa takriban sehemu tatu za kumi za maikromita, na kwa unene huo lita moja huweza kutanda mita za mraba 3,000 na ushei, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Oili iliyotumika ni mbaya kuliko mpya: imebeba chembe za metali zilizosagika kutoka kwenye vyuma, zinki ya viungo vyake, na masizi ya kuungua yenye kemikali za jamii ya PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Tena katika mto kama Sondu, unaobeba udongo mwekundu kila mvua inaponyesha, oili haielei tu hadi mwisho. Hujishika kwenye chembe za udongo, huzama nao, na hutulia pale mkondo unapopungua kasi.

Pale pa kutulia ni mdomoni mwa mto na katika ghuba, ambayo kina chake ni kifupi na maji yake hubadilishana polepole na ziwa kuu. Huko ndiko samaki wadogo hukulia. Ningu, samaki wa mtoni ambaye wazee wa bonde hili walimjua kwa wingi na sasa yumo hatarini kutoweka, hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga mayai. Ningu amepunguzwa na mambo mengi, uvuvi wa kupita kiasi ukiwa mbele, na ingekuwa uongo kuitwika oili mzigo wote. Ila mvua inayomwita apande mto ndiyo hiyo hiyo inayosafisha mitaro ya masoko.

Pingamizi la kwanza lina nguvu: kwamba oili ni kidogo mno mbele ya mbolea, maji taka ya miji na udongo unaomomonyoka, mambo yanayolisha gugu maji na kuligeuza ziwa kuwa la kijani. Ni kweli, na anayedai kwamba oili ndiyo adui mkuu wa Ziwa Victoria anapotosha. Lakini pingamizi hilo hupima kila kitu kwa kipimo cha ziwa, ilhali mtu wa Magwagwa hanywi maji ya ziwa. Anakunywa ya chemichemi iliyo chini ya nyumba yake. Katika milima hii masoko na barabara viko kwenye migongo ya vilima na chemichemi ziko mabondeni, hatua chache chini yake. Oili inayomwagwa nyuma ya kibanda cha fundi hukutana na ndoo ya jirani kabla haijakutana na mto, achilia mbali ghuba. Kwa kipimo cha ziwa ni tone. Kwa chemichemi moja inayotegemewa na nyumba kadhaa, ni msiba. Aidha, mbolea na mmomonyoko vinahitaji kubadilisha kilimo kizima, kazi ya vizazi. Oili inahitaji chombo na mtu wa kuichukua.

Pingamizi la pili ndilo gumu zaidi, nalo hutoka kwa mafundi wenyewe: oili chafu haitupwi kamwe, ina kazi. Hupakwa nguzo za ua na za nyumba ili mchwa wasizile, hutiwa kwenye mnyororo wa msumeno, humwagwa uani kutuliza vumbi. Hoja hii yapasa kuheshimiwa, kwa sababu inathibitisha kwamba watu hawaitupi mali wanayoiona ina thamani. Tatizo ni kwamba nusu ya matumizi hayo ni kumwaga kwa njia nyingine. Nguzo iliyopakwa oili katika nchi inayopata mvua karibu mwaka mzima huoshwa msimu baada ya msimu, na kilichozuia mchwa huingia udongoni pamoja na zinki na PAH zake. Uani ndivyo hivyo, tena haraka zaidi, na huko ndiko watoto wanakocheza na kuku wanakodonoa. Ninachokipata katika pingamizi hili ni hiki: thamani ikiwepo, oili hukusanywa. Basi na ipewe thamani inayoipeleka mbali na chemichemi. Wanunuzi wapo, wakiwamo wenye matanuru wanaoichoma kama fueli, na oili iliyotumika inaweza pia kusafishwa upya ikarudi kuwa oili. Wanachohitaji ni wingi, na usafi: chupa iliyochanganywa na maji, petroli au breki fluidi huharibu pipa zima. Fundi mmoja hawezi kuwapa wingi. Soko zima linaweza.

Wengine watasema sheria ipo, itekelezwe. Ipo kweli, tena si moja. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, inakataza kuchafua maji. Kanuni za maji na za taka zilitolewa 2006. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeweka msingi kwamba anayeingiza bidhaa sokoni awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Kasoro iko mahali pamoja. Katika yote hayo, fundi wa Magwagwa au wa Ekerenyo ameambiwa asimwage wapi, na hajaonyeshwa aimwage wapi. Ukimtoza faini katika hali hiyo, atamwaga usiku. Adhabu ina haki pale tu ambapo njia halali ipo na iko karibu.

Ujerumani ililielewa hilo mapema. Tangu 1987 kanuni yake ya oili chafu inamtaka anayemuuzia mtumiaji oili ya injini awe na mahali pa kuipokea ikishatumika, bila malipo, kwa kiasi kile kile alichouza. Hawakuanza na mafundi, ambao ni wengi na wametawanyika. Walianza kwenye kaunta ya duka, mahali ambapo kila mwenye injini hulazimika kurudi. Mpango huo hauhitaji teknolojia ya Ulaya. Duka la vipuri lenye pipa la lita 200 lenye kifuniko, lililowekwa kivulini juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, limetimiza karibu kila kitu. Mteja akileta chupa iliyojaa oili chafu apunguziwe shilingi kadhaa kwenye mpya, na duka lirudishiwe fedha hizo na mnunuzi wa pipa.

Itasemwa kwamba Nyamira si Ujerumani na vijiji vyake vimetawanyika mno kwa kazi ya kukusanya. Hoja hiyo haiwezi kusimama katika nchi ya majani chai. Tangu KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, lianzishwe 1964, wakulima wadogo wa milima hii wamekuwa wakipeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa, yakaandikwa kwa jina la mkulima, na lori likayafikisha kiwandani siku ile ile kwa sababu yakilala yanaharibika. Hakuna bidhaa ngumu kukusanya kuliko hiyo, na inakusanywa mvua inyeshe isinyeshe. Oili chafu haiozi. Inaweza kukaa pipani miezi mitatu ikisubiri gari. Jamii inayoweza kukusanya majani ya bustani za robo ekari haiwezi kushindwa na mapipa machache ya oili kwa mwaka.

Kuna sababu ya kutoahirisha. Mpango wa bwawa la Magwagwa kwenye mto Sondu, ambao umekuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa kwa miaka mingi, ukitimia siku moja utaweka maji yaliyotuama mahali ambapo leo pana mkondo. Kitakachoingia humo kitakaa humo. Boti zenye injini zitafika Magwagwa, na soko la kuzihudumia litakuwa lile lile la boda boda, pamoja na mazoea yake.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti mamlaka juu ya leseni za biashara na juu ya uondoaji wa taka. Bunge la Kaunti ya Nyamira halihitaji kusubiri Nairobi. Liweke sharti moja kwenye leseni ya kila duka linalouza oili ya injini, kuanzia Magwagwa, Ikonge na Ekerenyo: pipa la kupokelea, na daftari la nani amelichukua na lini. Nasi wenye pikipiki tudai chupa yetu irudi ikiwa imejaa kabla ya kumlipa fundi.